Gari ilikuwa inachemsha kupanda Mto wa Mbu, nimeitibu bila kufungua hedi

Naandika hii nina furaha lakini hasira nayo haijaisha, maana ilibaki siku moja tu nifunguliwe hedi ya injini, kile kipande cha juu kinachofunika silinda, ambayo haikuwa na tatizo lolote.

Gari yangu ni Land Cruiser ya safari, zile zinazorefushwa bodi hapa Arusha, injini ni 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Hii injini ni ngumu sana, mtu anaweza kuitumia miaka akawa anamwaga oili na kubadilisha filta tu. Sasa masika ya 2023, mwezi wa nne, ikaanza kuchemsha. Na haikuwa inachemsha kila mahali. Arusha mpaka Makuyuni kule kwenye lami unatembea 80 mshale umetulia kabisa, ukifika Mto wa Mbu ukaanza ule mlima wa kwenda Rhotia, gia ya pili, wageni sita na mabegi yao, mshale unaanza kutambaa kwenda juu. Ndani ya kreta ya Ngorongoro pia ukitembea polepole kwenye majani nusu saa unaona unapanda.

Hiyo habari nilimwambia kila fundi na kila fundi aliipita. Na jibu lote lilikuwa humo humo! Ukiwa 80 upepo unaingia wenyewe kwenye rejeta, hata feni isipokuwepo gari inaweza isichemshe. Ukiwa mlimani kwa spidi ya 25, upepo wote unategemea feni. Kwahiyo gari inayochemsha polepole na kupoa ikikimbia, anza na feni na njia ya upepo. Ikiwa kinyume chake, yaani polepole iko sawa ila ukikimbia au ukivuta mzigo barabarani inapanda, hapo ndio ushuku mirija ya rejeta imeziba kwa ndani au maji hayazunguki vizuri.

Fundi wa kwanza alifungua boneti akaangalia kama dakika mbili akasema pampu ya maji. Nikanunua pampu, laki 2 na kitu, na ufundi juu. Ikachemsha vilevile, tena ikawa mbaya zaidi kuliko mwanzo na sikuelewa kwanini. Nitarudi hapo.

Wa pili akaniambia "kaka toa themostati, hiyo ni ya nchi za baridi, huku kwetu haina kazi". Themostati ni ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta. Hii kauli nimeisikia tangu naanza kuendesha, wameitoa wengi, na mimi nikakubali, akaitoa. Wiki iliyofuata nina wageni, familia kutoka Ujerumani na watoto wawili, tunapanda ule mlima. Hata nusu hatujafika mshale uko juu robo tatu. Nikafungua madirisha yote, nikawasha hita mpaka mwisho, hita ni rejeta ndogo na inatoa joto kweli, lakini fikiria watu wamekuja likizo unawapulizia moto miguuni saa sita mchana. Nikawaambia tunasimama pale juu tuangalie Ziwa Manyara, bahati nzuri pale pana mandhari kweli kwahiyo hawakuona ajabu, wakashuka na kamera zao. Mimi injini sikuizima, niliiacha kwenye kama mizunguko 1,500 kwa dakika maji yazunguke, maana ukizima ghafla maji yanasimama ndani ya hedi na joto linabaki palepale. Na mfuniko wa rejeta sikuugusa. Namjua dereva mwenzetu ambaye mkono wake wa kulia hadi leo una kovu la siku aliyofungua kwa kitambaa akidhani kitambaa kinatosha. Dakika ishirini mshale ukashuka, tukaendelea Karatu mdogo mdogo.

Usiku ule nikiwa kambini ndio nikaanza kusoma na kuuliza madereva wazee kuhusu themostati. Ile ya hizi injini ina kisahani cha pili kwa chini. Ikifunguka kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, kile kisahani kinaziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote, maji ya moto mengi yanazunguka ndani kwa ndani hayafiki kwenye rejeta kupozwa. Unadhani umeisaidia gari kumbe umeinyima nusu ya rejeta. Nikanunua mpya orijino ya kufungukia 82, nikaichemshia kwenye sufuria kwanza nione inafunguka, ndio nikaifunga, ile pini ndogo ya kutoa hewa ikiwa juu.

Wa tatu ndio aliyenitisha. Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi na bloku, imekufa, tufungue, tupeleke hedi ikasawazishwe, andaa milioni 1.5 mpaka 2. Nilikuwa na safari ya siku tano mbele, nikamwambia nipe usiku mmoja. Asubuhi injini ikiwa ya baridi nikachomoa ule mpira unaotoka shingoni mwa rejeta kwenda kwenye chupa ya akiba, nikautumbukiza kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile angavu, yenye maji nusu. Nikawasha. Gasketi ikivuja, gesi ya moto ya silinda inaingia kwenye maji na utaona mapovu hayakomi, ukikanyaga yanaongezeka. Yangu yalitoka matatu manne injini ilipopata moto, halafu basi. Nikakanyaga, nikamwambia kijana akanyage mimi nikiwa nimekodoa macho kwenye chupa, hakuna kitu. Oili haina weupe wa maziwa. Mipira ya rejeta asubuhi imelala laini, haijavimba. Nikampigia fundi nikamwambia hedi haifunguliwi.

Nikaenda kuazima ile bunduki ya kupima joto kwa jamaa yangu wa friji na AC (sio ile ya kupima joto la mwili ya wakati wa korona). Hapo nikagundua jambo ambalo kila mwenye Cruiser alijue: mshale wa dashibodi unadanganya. Maji yakiwa 80 umesimama pale, yakiwa 95 bado uko palepale, ukiona umeanza kutembea ujue hali ni mbaya tayari. Nikapima uso wa rejeta sehemu kwa sehemu, joto linashuka vizuri kutoka juu kwenda chini, hakuna sehemu ya baridi ghafla, maana yake mirija haijaziba. Basi imebaki upepo.

Nikatoa grili. Kwa mbele panaonekana pasafi kabisa, na hapo ndipo wote walipokuwa wanaangalia. Lakini kati ya rejeta ya AC na rejeta ya maji kuna nafasi ya kupitisha vidole, nikamulika tochi kwa juu, jamani! Mbegu za majani ya Serengeti na Ngorongoro zimejipanga humo kama mkeka, ukijumlisha na vumbi na mvua imekuwa kama udongo wa tofali. Nililegeza rejeta ya AC bila kukata mabomba yake, nikaisogeza mbele, nikatoa ule mkeka kwa mkono, vipande vizima. Halafu maji ya bomba la kawaida kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na upepo unavyoingia. Usipeleke kuosha kwa presha, vile vibati vinalala na ukivilaza umeziba wewe mwenyewe. Nilitumia saa nne nzima na brashi ya kupakia rangi na sijutii hata dakika moja.

Nikiwa humo ndio nikaona kwanini baada ya pampu ilizidi: lile kava linalozunguka feni halipo. Fundi wa kwanza alilitoa apate nafasi ya kufungua pampu na hakurudisha. Bila kava feni inavuta upepo wa pembeni na wa injini yenyewe badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Nilienda kulitafuta, nikalikuta kwenye lundo nyuma ya gereji limekaliwa na matairi.

Na feni klachi, kile kiungo kinachoshika feni izungushwe na injini kwa nguvu ikipata moto. Injini ikiwa ya moto kabisa na umezima, zungusha feni kwa mkono, inatakiwa ikatae, izunguke kwa kunata kama uko kwenye asali. Yangu ilizunguka zaidi ya raundi mbili yenyewe. Na nikakumbuka kuwa ule mngurumo kama wa ndege ndogo mlimani sijausikia miezi mingi. Kuna aliyenishauri niichomelee iwe kitu kimoja na pampu. Hapana, itakula mafuta, na siku ukiingia kwenye maji mengi mapanga yanapinda yanakata rejeta. Ndani yake kuna oili nzito ya silikoni, inaisha polepole kwa miaka. Inauzwa vitubu vidogo vya mililita 18, niliagiza Dar ile nzito ya namba 10,000 (kipimo cha uzito wake, sio bei), bei sikumbuki vizuri ila na usafiri haikufika laki. Nikafungua, iliyobaki ndani haikujaa kijiko cha chai. Weka alama kabla hujatenganisha ili uirudishe ilivyokuwa. Nikasafisha, nikajaza vitubu viwili, nikailaza usiku mzima maana inashuka kama uji wa jana.

Cha mwisho mfuniko wa rejeta, mpira wake ulikuwa umepasuka. Ni elfu chache lakini kule juu ukingo wa kreta ni kama mita 2,300, maji ya wazi yanachemka kwenye 92 tu. Mfuniko mzima wa presha ya bar 0.9 unakuongezea karibu digrii 20, mbovu haukuongezei kitu, ndio maana gari ilikuwa inatema maji hata mshale ukiwa haujafika juu.

Safari iliyofuata nilipanda Mto wa Mbu na wageni sita, feni inanguruma mpaka mama mmoja akauliza ni sauti gani, nikamwambia hiyo ni sauti nzuri. Juu nikapima, 91. Kesho yake jioni nikatoka kretani kwa barabara ya Lerai, nimeweka lo (zile gia za nguvu za 4x4), gia ya kwanza, mbele yangu gari tatu zinapanda kwa kusuasua, nikapima tena pale juu, 93. Kitubu kimoja cha silikoni kilichobaki nakitembeza kwenye boksi la vifaa, na kila nikirudi kutoka Serengeti msimu wa majani marefu namulika tochi kwenye ule uwazi kabla sijaenda nyumbani.