Kwa Ajili ya Yonathani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wazee wangu, shikamooni.

Jumatatu jioni niliingia stoo kutafuta jeki ya gari. Nikahamisha magunia mawili ya mkaa, na nyuma yake nikakuta mbao za marehemu rafiki yangu. Vipande sita vya plaiwudi, kila kimoja kimetobolewa mbele na kufungwa kamba ya katani, na kwenye vitobo mchanga wa bahari bado umeganda. Nikakaa chini palepale. Ni miezi saba tangu tumzike. Akiwa kitandani alinishika mkono, nikamwahidi kwamba Jumamosi zake zitaendelea. Hazijaendelea hata mara moja.

Wengi wenu mlimfahamu. Alikuwa seremala pale Keko, mtu wa vitanda na makabati. Jumamosi moja kila mwezi alikodi kirikuu, akawapitia vijana wenye ulemavu wa miguu huku kwetu Mbagala, akawapeleka ufukweni Kigamboni. Kulikuwa na vijana wazaliwa wa Dar es Salaam, wenye umri wa miaka ishirini, ambao walikuwa hawajawahi kulowa maji ya chumvi. Kwao dunia ilikuwa chumba, baraza, na siku ya kliniki.

Waliowahi kusukuma kiti mwendo wanajua adui yake ni mchanga. Magurudumu ni membamba, uzito wote unakandamiza sehemu ndogo, kiti kinazama na kugoma. Safari ya kwanza walirudi wakiwa wameitazama bahari kutoka barabarani. Rafiki yangu hakusema neno njia nzima. Mwezi uliofuata akaja na zile mbao. Unatandika kadhaa, unasukuma kiti juu yake, ule ubao ulioupita unauvuta kwa kamba unauleta mbele, hivyo hivyo mpaka majini. Baadaye akaunda kiti cha mbao chenye matairi ya toroli, akayapunguza upepo ili yatanuke, nacho kikapita juu ya mchanga laini. Akajifunza na maji: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari yetu hukupwa sana mnamo saa nne asubuhi, na ule mchanga wenye unyevu unaobaki wazi ni mgumu, gurudumu linateleza. Hakuwa mvuvi. Alikwenda kuwauliza wavuvi kwa ajili ya watoto wa watu.

Wiki hii nzima nimekuwa katika 2 Samweli 9. Daudi anauliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, "nipate kumtendea mema kwa ajili ya Yonathani." Tumeihubiri sana sura hii kama habari ya neema, na ni kweli. Ila safari hii Roho Mtakatifu alinisimamisha kwenye jambo ambalo sikuwahi kulitazama. Yonathani alipokufa pale Gilboa, mwanawe Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano. Ndipo yaya alipokimbia naye, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Sura ya 9 inapofika, Mefiboshethi ana mtoto wake mwenyewe, Mika. Hesabu miaka hapo katikati. Daudi aliyekula kiapo na Yonathani shambani, aliyemlilia kwa maombolezo yaliyoandikwa, alikaa miaka yote hiyo huku mtoto wa rafiki yake akiishi Lo-debari, nyumbani kwa mtu mwingine. Kumlilia rafiki alimlilia. Ahadi ilichelewa.

Nimelia sana juu ya hilo, kwa sababu ni mimi. Pale makaburini nilitoa ushuhuda mrefu mkalia wote. Tumekwisha kaa vikao viwili vya kuandaa kumbukumbu ya mwaka: vigae vya kaburi, fulana zenye picha yake, pilau. Nami nimechangia. Lakini mbao zake nilizifunika kwa mkaa. Nimekuwa nikisema tatizo ni pesa ya kirikuu, halafu nikasema masika, halafu vikao vya kanisa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuzishika zile kamba bila yeye kuwa upande wa pili.

Jumatano nikapita nyumbani kwa binti mmoja kati ya wale aliowapeleka. Alikuwa barazani anachambua mchele. "Shikamoo, baba." Nikaitika. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Baba, ile gari haijatengenezwa bado?" Miezi saba mtoto huyu amekuwa akidhani gari ni bovu. Huyu ndiye aliyewahi kutuambia kwamba akikaa majini, maji yakimfika kifuani, miguu yake haimlemei tena. Sikuwa na jibu. Nilimwomba msamaha, naye akanipa glasi ya maji.

Sasa niseme na sisi kama kanisa, na ninasema kwa upendo. Watu wenye ulemavu tunawajua katika mambo mawili: maombezi na misaada. Tunawapeleka mbele, tunawawekea mikono, na asiyesimama tunamrudisha alikokaa, tena wengine wanamwambia imani yake ni ndogo. Mwisho wa mwaka tunabeba sukari na sabuni, tunapiga picha, tunaondoka. Ikifika Jumatatu ya Pasaka, Coaster ya kwenda ufukweni inajaa sisi wenye miguu, na mtu akiuliza juu yao tunajibu, "Watachoka bure." Nani aliwauliza kama watachoka? Mwaka 2022 tuliwashangilia Tembo Warriors walipokwenda Uturuki kwenye Kombe la Dunia la soka la wenye ulemavu, tukasema vijana wetu, mashujaa wetu. Kijana wa jirani mwenye mguu mmoja kama wao anashinda ndani. Hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, ibara ya 30 unataja burudani, mapumziko na michezo kuwa haki yao. Serikali zimeliona, na sisi tunaoimba Zaburi ya 95, "Bahari ni yake, ndiye aliyeifanya," hatujaliona!

Mtazameni Daudi. Hakumpelekea Mefiboshethi kifurushi kule Lo-debari. Alituma watu wamlete. Akamrudishia mashamba ya babu yake, na akamkalisha mezani pamoja na wana wa mfalme, siku zote. Na mstari wa mwisho wa sura unasema alikuwa bado kiwete miguu yote miwili. Meza haikungoja apone. Wapendwa, naamini uponyaji, nimeuona kwa macho yangu. Lakini furaha ya mtu isiwekwe rehani mpaka siku ya muujiza. Upepo wa bahari, jua la asubuhi, kucheka na wenzako mmelowa: hivyo navyo ni vya Bwana, na mwenye navyo hajamnyima mtu.

Kwa hiyo nimewaomba ndugu wa marehemu, wakiongozwa na mama yake mzazi, kwamba ile pesa ya fulana iende kwenye kirikuu. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, hata vigae vinaweza kungoja."

Jumamosi hii ni bamvua. Kiti cha matairi ya toroli nimekijaza upepo kiasi, kamba mbili zilizooza nimezibadilisha. Binti nimemwambia, na wenzake watano. Nahitaji watu wanne wenye mikono, kama wale waliombeba mwenye kupooza katika Marko 2, na mama mmoja au wawili wa kuwa pamoja na mabinti majini. Tunaondoka uwanja wa kanisa saa moja kamili asubuhi, ili tuwahi pantoni kabla foleni haijawa ndefu.