Nilivyoondoa risasi kwenye maji yetu ya kunywa

Kilichonishtua ni doa la kijani chini ya koki ya jikoni. Hilo ni doa la shaba, na shaba angalau hujionyesha: ikizidi, hata ladha ya maji hubadilika. Risasi, ile metali yenye sumu, ikiyeyuka majini haina rangi, harufu wala ladha. Maji yanayokula bomba la shaba yanaweza pia kula risasi iliyolehemu viungo vyake. Nyumbani kulikuwa na mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo hayo, na ubongo wa mtoto ndio unaoumizwa zaidi na risasi. Sikutaka kukisia.

Nilipeleka maabara chupa mbili. Ya kwanza niliijaza alfajiri, maji yakiwa yamelala bombani zaidi ya saa 6, kabla mtu yeyote hajafungua koki wala kuvuta maji chooni. Ya pili niliijaza baada ya kuyaacha yatiririke dakika kadhaa. Ukipima chupa moja tu utajua kuna risasi, lakini hutajua inatoka wapi. Chupa ya alfajiri ilivuka mikrogramu 10 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ya pili ilikuwa chini kabisa. Shaba haikufika kiwango chake, miligramu 2 kwa lita, katika chupa yoyote. Basi risasi iliingia kwenye maji yaliyolala karibu na sinki, si barabarani.

Fundi bomba alikwaruza bomba linaloingia nyumbani. La risasi ni laini, likikwaruzwa hung'aa kama fedha, na sumaku hailing'ang'anii. Letu lilikuwa la shaba. Lakini viungo vya chini ya sinki vilikuwa vimelehemiwa kwa risasi, na kichujio kidogo cha mdomo wa koki kilijaa chembe za kijivu.

Tulibadilisha koki na viungo hivyo. Wakati tukisubiri, maziwa ya mtoto tuliyakoroga kwa maji yaliyopita kwenye chujio lililothibitishwa kuondoa risasi. Si kila chujio linaiondoa. Maji ya moto ya bombani hatukuyapikia, kwa kuwa joto huyeyusha risasi zaidi. Mama alisisitiza tuchemshe. Nilimweleza kwamba kuchemsha huua vijidudu tu: maji yanapungua kwa mvuke, risasi inabaki yote sufuriani.

Kipimo cha marudio, cha alfajiri vilevile, kilishuka chini ya 10. Chembe za kazi ya fundi huendelea kutoka kwa muda, kwa hiyo kichujio cha koki bado nakifungua na kukisafisha mara kwa mara.