Siku moja maishani mwangu: fundi wa maboksi ya spika, Chang'ombe, Dodoma

Saa 12:30 asubuhi

Nafungua karakana mapema, kabla jirani yangu anayetengeneza mageti hajawasha mashine ya kusagia vyuma. Spika ina sumaku kubwa, na chengachenga za chuma zikisharuka hewani huifuata sumaku popote ilipo. Zikiingia kwenye ule mwanya mwembamba ambamo koili, yaani waya uliozungushwa unaosukuma karatasi ya spika, inapanda na kushuka, spika huanza kukwaruza, na kuzitoa humo ni kazi ngumu mno. Ndiyo maana spika mpya nazitoa kwenye makatoni alfajiri, nazifunga kwenye maboksi, nafunika kwa kitambaa. Vumbi letu la kiangazi linasumbua, lakini kitambaa cha mbele hulizuia. La chuma ndilo ninaloliogopa.

Leo ni Ijumaa. Mezani kuna maboksi mawili ya besi ya kanisa moja la Ipagala, kila moja lina spika mbili za inchi 10. Yanatakiwa kupiga Jumapili.

Saa 2:15

Mwalimu wa kwaya amefika na mpiga besi wake, kijana mpole anayeamkia mpaka mwanafunzi wangu. Kwenye kirikuu wameleta boksi lao la zamani: lina spika nne za inchi 12, nyuma limezibwa kabisa, nalo ni boksi la gitaa. Spika mbili karatasi zimechanika ukingoni, moja koili imeungua.

"Fundi, nyuma limeandikwa wati 300, na amplifaya yetu ni wati 300. Sasa limekufaje?"

Swali hili naulizwa mara kwa mara, na silichoki, kwa sababu hapa ndipo pesa za makanisa na bendi zinapopotelea. Wati zilizoandikwa kwenye spika zinakuambia koili itastahimili joto kiasi gani. Hazikuambii karatasi inaweza kusogea umbali gani. Waya mnene wa gitaa, E ya chini, unatetema mara 82 kwa sekunde, yaani Hz 82. E ya chini ya besi ni Hz 41, na huyu kijana ana besi ya nyuzi tano, B yake inashuka hadi Hz 31. Kila mtetemo unaposhuka kwa nusu, karatasi inalazimika kusogea mara nne zaidi ili sauti ibaki na nguvu ile ile. Spika ya gitaa haikuumbwa kwa safari hiyo. Ukingo wake ni karatasi ngumu iliyokunjwa na koili yake ni fupi. Ukiisukuma na besi, koili inatoka nje ya sumaku, inagonga nyuma, karatasi inachanika. Wati bado hazijatimia, spika imeshakwisha.

Mwalimu akauliza kama basi angenunua boksi la spika moja ya inchi 15, maana kila mtu anasema inchi 15 ndiyo yenye besi. Nikachukua chaki nikamwandikia sakafuni. Ukubwa wa uso wa spika unafuata kipenyo mara kipenyo. Kumi mara kumi ni 100, spika nne zinafika 400. Kumi na tano mara kumi na tano ni 225. Spika nne za inchi 10 zinasukuma hewa kwa uso mpana kuliko ile moja kubwa, karibu mara mbili. Namna besi inavyoshuka inategemea spika yenyewe ilivyotengenezwa na boksi ililofungiwa, si inchi peke yake. Kampuni ya Ampeg walipotoa amplifaya ya SVT mwaka 1969, yenye wati 300, waliiwekea boksi la spika nane za inchi 10, lisilo na tundu la kupitishia hewa, limegawanywa vyumba vinne ndani. Mpaka leo wapiga besi wengi duniani wanalipenda.

"Basi tutengenezee hilo la nane," akasema kijana, macho yamemng'aa.

Namwelewa. Lakini nilimwuliza atalibeba nani. Ibada za nyumbani zipo, mikutano ya nje ipo, na ngazi za kanisa lao nimeziona. Maboksi mawili ya spika mbili mbili yanabebwa na mtu mmoja mmoja. Ibada ndogo wanachukua moja, Jumapili wanayapandisha yote, moja juu ya jingine. Yakisimama hivyo, sauti inasambaa vizuri kulia na kushoto, na spika za juu zinakaribia masikio ya mpigaji, kwa hiyo hana haja ya kuongeza sauti ili ajisikie.

Saa 4

Chai, chapati mbili. Mwanafunzi wangu anapiga msasa pembe za boksi la pili. Mbao tulizotumia ni plaiwudi ya mm 18. Chipbodi ni rahisi mfukoni, lakini ni nzito, skrubu zake zinalegea, na ikinyeshewa mara moja tu kwenye kirikuu inavimba.

Saa 5

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), mpiga gitaa. Ana kichwa cha amplifaya cha vali, zile taa za kioo, wati 15. Anataka boksi la spika nne za inchi 12 kama anayoyaona majukwaani, na ana picha kwenye simu.

Nilimweleza kwa heshima yote, maana kijana aliyejinyima hadi akapata amplifaya ya vali anastahili jibu kamili. Boksi lile la spika nne lilipata umaarufu kupitia Jim Marshall, mtengenezaji wa amplifaya wa London, miaka ya 1960, kwa spika za kampuni ya Celestion. Wakati huo mitambo ya ukumbini ilikuwa dhaifu, gitaa lilitakiwa kuufikia umati kwa nguvu zake lenyewe. Leo mbele ya spika unaweka maikrofoni, mtambo mkubwa unabeba sauti. Yeye anaishi chumba cha kupanga, na mara nyingi anapigia ukumbi mdogo.

Kwake nilipendekeza spika moja ya inchi 12, boksi lililo wazi nusu nyuma. Likiwa wazi, sauti inatoka mbele na nyuma, inajaa chumba, besi yake inakuwa nyepesi, nyuzi zinasikika moja moja. Lililofungwa linatoa sauti iliyobana yenye kifua, linafaa kwa anayepiga rock nzito. Yeye anapiga sebene na nyimbo za kusifu. Chaguo halikuwa gumu.

Halafu nikamwonyesha namba ambayo wengi huiruka: desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) ambazo spika inatoa kwa wati 1 ukiwa mita 1. Spika moja inaandikwa 97, nyingine 100. Tofauti ya 3 unaweza kuiona ndogo, kumbe ni sawa na kuzidisha wati za amplifaya mara mbili. Kwa spika ya 100, wati zake 15 zinasikika kama 30 kwenye ile ya 97. Na spika yenyewe iwe ya wati 30 au zaidi, kwa sababu amplifaya ya vali ukiifungulia mpaka ikoromee hutoa zaidi ya kilichoandikwa.

La mwisho nililirudia mara mbili: amplifaya ya vali usiiwashe ukaipiga bila spika kuunganishwa, na omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zilingane, tundu la omu 8 kwa spika ya omu 8. Bila mzigo, transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na waya wa spika uwe waya wa spika. Ule wa gitaa ni mwembamba ndani, haukutengenezwa kupitisha umeme wa kusukuma spika.

Ameenda kujipanga. Nitafurahi akirudi.

Saa 7 mchana

Ugali wa mtama na mlenda kwa mama wa pembeni. Narudi haraka, jua ni kali na gundi inawahi kukauka.

Saa 8

Kazi ninayoipenda kuliko zote. Kwanza mita: spika ya omu 8 ukiipima inasoma kama 6 na kitu, na hilo halimaanishi ni mbovu, kwa sababu mita inapima waya wa koili tu ukiwa umetulia. Ndani ya kila boksi nimeunganisha spika mbili za omu 16 sambamba, boksi zima linakuwa omu 8. Maboksi mawili pamoja yanakuwa omu 4, na omu 4 ndiyo kiwango cha chini cha amplifaya yao. Wakiongeza boksi la tatu la omu 8 watashuka chini ya 3, amplifaya ichemke.

Kisha betri ya volti 9. Chanya kwa chanya, nagusa mara moja: karatasi lazima iruke nje. Spika zote nne ziruke upande mmoja. Ikiwa moja inaingia wakati nyingine inatoka, zinanyang'anyana hewa na besi inapotea yote, na mtu anaweza kuhangaika na amplifaya mwezi mzima wakati kosa ni nyaya mbili zilizogeuzwa.

Mwisho ni uvujaji. Maboksi haya hayana tundu, nimeyafunga makusudi. Boksi lenye tundu linatoa besi kubwa zaidi kwa wati zile zile, lakini chini ya mtetemo liliopangiwa, hewa haiishiki tena karatasi, na B ya Hz 31 ingeitikisa ovyo. Boksi lililofungwa lina hewa inayoirudisha. Kanisani wapigaji wanabadilishana, wengine bado wanajifunza, nataka boksi linalovumilia. Ila likivuja kidogo tu linafyonza na kupiga mluzi, na hali ya hewa kavu ya hapa inakausha mbao, maungio yanaachia. Nikapiga sauti ya Hz 50 kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, nikawasha kijiti cha udi, nikakipitisha taratibu kwenye kila pembe. Kwenye kona moja ya chini moshi ukacheza. Gundi, kibanio, kusubiri.

Saa 9:30

Mzee mmoja wa muziki wa dansi kapita. "Mbukwenyi," anasalimia toka mlangoni, nami namwamkia shikamoo. Bendi yake inapiga bustanini na analalamika besi inapotea, ingawa ndani ya ukumbi boksi hilo hilo linanguruma. Nikamwambia boksi lake ni zima. Ndani ya ukumbi kuta na kona zinairudisha besi. Nje hakuna kinachoirudisha. Alisogeze kwenye ukuta wa nyuma ya jukwaa, liwe chini sakafuni, kwanza aone. Bado ikipungua, ndipo tuongeze spika, si wati. Boksi la gitaa la solo, kinyume chake, aliinamishe nyuma kidogo: sauti kali za spika ya inchi 12 zinaenda moja kwa moja mbele kama mwanga wa tochi, zinampita mpigaji magotini na kumchoma aliyekaa meza ya mbele.

Saa 11 jioni

Ipagala. Kanisa tupu, mabenchi, sakafu ya terazo. Tulianza na boksi moja. Kijana akapiga taratibu, kisha akateremka hadi B, nami nimeweka kiganja ubavuni mwa boksi nikitafuta mtikisiko wa mbao. Hakuna. Tukaongeza la pili juu. Mwalimu wa kwaya alikwenda hadi benchi la mwisho, akaimba sauti ya tatu peke yake juu ya besi, akarudi anatabasamu: alikuwa anasikia noti, si mvumo tu. Tukapunguza amplifaya mpaka chini ya nusu na bado ilitosha.

Kabla ya kuondoka nilitoa kopo la rangi nyeupe na brashi, nikaandika nyuma ya kila boksi kwa herufi kubwa: BESI. OMU 8. MWISHO MABOKSI MAWILI.