Viatu vya baba mdogo

Jamani leo niacheni niandike tu.

Baba mdogo alichukuliwa na vita vya Burundi akiwa kijana kabisa, akarudi hapa mtaani Buyenzi, Bujumbura, 2005 walipokuwa wanapunguza wapiganaji baada ya mkataba wa amani wa Arusha, na tangu siku hiyo akilala lazima viatu viwe kichwani pake, kamba zimelegezwa tayari, pua zinatazama mlango. Bibi alimsema mpaka akachoka.

Sasa leo alfajiri natoka kwenda kuswali nakuta viatu vyake viko nje kwenye ngazi, vimechanganyika na ndala za watoto, kimoja kimelala ubavu, vimelowa umande.

Nikasimama pale machozi yananitoka.

Ndani anakoroma.

Nani mwingine ana ndugu aliyerudi kutoka vitani? Kwenu ilichukua muda gani?