Alama za Kuzungumza

Igombe, Jumatano jioni

Vitabu vya kiada vya Kiingereza tulivyo navyo havifiki hata kimoja kwa kila dawati, kwa hiyo leo niliingia Kidato cha Kwanza na vipande vya maboksi ya sabuni nilivyoviandika bidhaa na bei: dagaa kwa sado, sato kwa kilo, mihogo kwa fungu. Nusu ya darasa waliuza, nusu wakanunua, na kazi ilikuwa kupatana bei kwa Kiingereza. Binti mmoja ambaye mama yake huanika dagaa mwaloni, na ambaye tangu Januari sijamwona akinyoosha mkono, alimkatalia mteja wake punguzo mara mbili, akamweleza kwamba mvua imeharibu dagaa waliokuwa mchangani na ndiyo maana bei imepanda, kisha akataja bei ya mwisho. Nyakati za vitenzi zilimpiga chenga, lakini alieleweka kabisa, na mteja akalipa.

Kwa mujibu wa mtaala, huo ndio umahiri, yaani kuweza kukitumia ulichojifunza. Shule za sekondari zilielekezwa kufundisha kwa msingi huo tangu mwaka 2005, na mitaala iliyoanza kutumika mwaka 2024 imeusisitiza zaidi. Ninaukubali, hasa kwa watoto hawa ambao wengi huzungumza Kisukuma nyumbani, wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na sasa wanatakiwa kuielewa hata Baiolojia kwa Kiingereza.

Kinachonikwaza ni upimaji, kuliko hata uhaba wa vitabu, maana maboksi hayakosekani dukani. Kipindi ni dakika 40 na darasa linakaribia wanafunzi 90. Nikitaka kumsikiliza kila mmoja, hafikishi nusu dakika, na hapo sijaita majina. Isitoshe, mtihani wa taifa wa somo hili ni wa kuandika tu, hivyo mwalimu anayetaka shule yake ifaulu atarudi kwenye kujaza nafasi zilizoachwa wazi, na simlaumu. Kwenye andalio la somo sote tunaandika umahiri mahususi kwa mwandiko mzuri, mkaguzi huridhika.

Nilimwomba mwalimu wa taaluma alama za mazungumzo ziingizwe kwenye jaribio la mwezi. Akaniuliza, kwa upole, mzazi akija kulalamika nitamwonyesha karatasi gani. Swali lake ni la haki. Nimechora jedwali dogo la vigezo vitatu, yaani kueleweka, kujibu alichoulizwa na kuendeleza mazungumzo, na nitasikiliza makundi mawili kwa kila kipindi huku wengine wakiandika, hadi darasa zima limalizike. Jina la yule binti nimeliandika la kwanza, na kwenye kigezo cha tatu nimempa alama zote.