Sherehe za Familia Zisizo na Nyama Mezani

Katika sherehe nyingi za kifamilia, mtu asiyekula nyama hulishwa pembezoni: hupewa wali, saladi iliyowekwa kwa ajili ya kupendezesha meza, na kipande cha mkate, kisha huulizwa kwa upole kama ameshiba. Siwalaumu wenyeji wanaofanya hivyo, kwa kuwa wengi wao hawana nia mbaya. Wamezoea tu kuamini kwamba sherehe ni nyama na kwamba vingine vyote ni vya kuisindikiza. Nyumbani kwetu tulikubaliana zamani kwamba siku za kuzaliwa, mahafali, ndoa zinazotimiza miaka na siku ya mtu kustaafu zitaadhimishwa kwa chakula kisicho na nyama, kilichopikwa na kuokwa na sisi wenyewe. Ninachotaka kueleza hapa ni namna chakula hicho kinavyopata hadhi ya sherehe, maana hadhi hiyo haiji yenyewe.

Shangazi yangu, ambaye hakosi hata shughuli moja, ana swali lake analoliuliza mara tu akishaketi: "Mwanangu, haya yote ni mazuri, lakini chakula chenyewe kinaletwa saa ngapi?" Sisi hucheka, ila swali lake lina hoja. Bakuli nyingi za mboga, hata zikiwa tamu kiasi gani, hazifanyi karamu ikiwa hakuna chakula kimoja kinachotawala meza. Nyama ya sherehe ina sifa mbili zisizohusiana na ladha yake: huletwa ikiwa nzima, wote wakaiona, na mtu mmoja husimama kuikata na kuwagawia wengine. Kwa hiyo, ninapopanga orodha ya vyakula, jambo la kwanza ninaloliamua ni kitu kitakachokatwa mezani. Mengine hufuata baadaye, na mara nyingi hujipanga yenyewe.

Mara nyingi ninachochagua ni pai kubwa ya uyoga na adesi. Kwa kazi hii nachukua adesi za kijani au za kahawia, zinazobaki nzima baada ya kuiva, na kuziacha zile nyekundu, ambazo hupondeka haraka na kufaa zaidi kwa supu. Uyoga ndio unaohitaji uvumilivu. Takribani asilimia 90 ya uzito wake ni maji, na maji hayo yakiwa bado yamo kikaangoni joto halipandi sana kupita nyuzi 100, hivyo uyoga huchemka badala ya kukaangika, ukabaki mlaini na usio na harufu ya kuvutia. Naukaanga kidogo kidogo, kwa moto mkali, vipande vikiwa vimetandazwa bila kubebana, na siugeuzi mpaka upande wa chini uwe umeiva rangi ya kahawia. Kwa karamu ya watu wengi kazi hii huchukua muda mrefu, na hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Wapo wanaodhani kwamba mchuzi usio na mifupa hauwezi kuwa na uzito mdomoni. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani, Kikunae Ikeda, alichunguza supu ya mwani na kugundua kwamba ule utamu wa kina unaofanana na wa nyama unatokana na glutamati, ambayo imo pia kwa wingi katika nyanya zilizoiva, sosi ya soya na jibini iliyokomaa. Ndiyo maana ndani ya mchuzi wa pai naweka uyoga mkavu uliorowekwa pamoja na maji yake, nyanya zilizopikwa mpaka zikawa nzito, na sosi ya soya kijiko kimoja au viwili, huku nikipunguza chumvi kwa kadiri hiyo. Mchanganyiko ukiwa tayari, nauacha upoe kabisa kabla ya kuufunika kwa unga, kwa sababu joto lake huyeyusha siagi iliyomo katika unga na kuufanya ushindwe kuachana tabaka kwa tabaka. Juu napaka maziwa, naoka kwa nyuzi 200 mpaka pai iwe na rangi ya dhahabu iliyokolea, na baada ya kuitoa naiacha itulie kama robo saa ili isimwagike inapokatwa.

Niseme pia kwamba sipendi kuweka nyama za kuigiza katika meza ya sherehe. Siku ya kawaida hazinisumbui, lakini mgeni anayeletewa kitu kilichofanyizwa kifanane na kuku hula huku akilinganisha, na katika ulinganisho huo mpishi hushindwa hata kama chakula ni kizuri. Pai ya uyoga haimkumbushi mtu kitu kingine, basi huhukumiwa kwa ladha yake yenyewe.

Keki ina mambo yake, hasa pale ambapo miongoni mwa wageni wamo wasiokula mayai. Hapa hupenda kumkumbuka Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, ambaye mke wake alidhurika kwa kula mayai na hamira pia. Mwaka 1837 alitengeneza kastadi isiyo na yai, akiizidisha uzito kwa unga laini wa mahindi, na mwaka 1843 akabuni bekingi poda ili mkewe apate mkate ulioumuka bila hamira. Poda ambayo leo imo karibu katika kila jiko linalooka keki ilitokana na mtu mmoja kutaka mwenzake asikae mezani akiwatazama wengine wanakula. Sijui kama kuna sababu bora zaidi ya kubuni kitu.

Yai hufanya kazi tatu katika keki: hushikanisha, huinua na huongeza unyevu. Ndiyo sababu hakuna kitu kimoja kinachoweza kuchukua nafasi yake kila mahali. Kijiko kimoja kikubwa cha mbegu za kitani zilizosagwa, kikichanganywa na vijiko vitatu vya maji na kuachwa kikawa kama ute, hushikanisha vizuri biskuti na keki nzito, lakini hakiinui. Maji mazito yanayobaki baada ya kuchemsha dengu, ambayo matumizi yake jikoni yalianza kuenea katika miaka ya 2014 na 2015, hupigwa yakawa povu jeupe kama lile la ute wa yai, na vijiko vitatu vyake huhesabiwa kuwa sawa na yai moja. Mtindi huleta unyevu na uchachu kwa wanaokula vyakula vya maziwa.

Hata hivyo, keki ninayoitegemea zaidi haina mbadala wowote wa yai, kwa sababu ilibuniwa bila yai tangu mwanzo. Ndani ya bakuli chekecha kikombe kimoja na nusu cha unga wa ngano, kikombe kimoja cha sukari, robo kikombe ya kakao, kijiko kidogo cha magadi ya kuokea na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Ongeza theluthi moja ya kikombe ya mafuta ya kupikia, kijiko kikubwa cha siki, kijiko kidogo cha vanila na kikombe kimoja cha maji, uchanganye mpaka unga mkavu usionekane, na usizidishe hapo. Siki ikikutana na magadi hutoa hewa ya kaboni papo hapo, na hewa hiyo ndiyo inayoinua keki, kwa hiyo oveni iwe imeshafika nyuzi 175 kabla hujagusa siki. Katika chombo cha mraba cha sentimita 20 huiva kwa dakika 30 hadi 35. Haina siagi wala maziwa, kwa hiyo karibu kila mgeni anaweza kuila, isipokuwa asiyekula ngano.

Wengi huharibikiwa wanapotaka kuikuza keki kwa ajili ya watu wengi, kwa kuwa hukisia kwa macho. Kipimo kinachofaa ni eneo la chombo. Chombo cha mraba cha sentimita 20 kina eneo la sentimita za mraba 400, karibu sawa na chombo cha duara chenye kipenyo cha sentimita 23, hivyo viwili hivyo hubadilishana bila kugusa vipimo. Cha mraba cha sentimita 30, ambacho kwa macho kinaonekana kimezidi kidogo tu, kina sentimita za mraba 900 na kinahitaji mchanganyiko mara mbili na robo. Keki ikiwa pana bila kuongezeka kimo, muda wa kuoka hauongezeki sana. Ikiwa nene, punguza joto kidogo na uongeze muda, ili ukingo usikauke kabla ya katikati kuiva.

Mgeni asiyekula nyama hukwazwa zaidi na vitu ambavyo havionekani. Gelatini, inayogandisha jeli na peremende laini, hutokana na ngozi na mifupa ya wanyama. Badala yake natumia agari, inayotokana na mwani. Jibini nyingi hugandishwa kwa reneti ya tumbo la ndama, na Parmigiano Reggiano halisi haiwezi kutengenezwa kwa njia nyingine, kwa mujibu wa kanuni zake. Rangi nyekundu iitwayo kamini, iliyoandikwa E120 kwenye pakiti, hutolewa katika wadudu. Kwa hiyo husoma pakiti za mapambo ya keki kwa makini kuliko pakiti za unga, na kama nina shaka nakoleza rangi kwa maji ya kiazisukari.

Kuhusu usalama nitasema machache. Maharagwe mekundu yarowekwe kwa saa tano au zaidi, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa dakika zisizopungua kumi katika maji mapya, kwa maana yana sumu ya asili isiyoondoka kwa moto mdogo. Wali uliopikwa mapema upozwe upesi na kuwekwa kwenye jokofu, na chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili.

Orodha yenyewe hubadilika kulingana na anayesherehekewa. Mtoto wa mwaka mmoja hajali pai; anataka kitu laini anachoweza kukishika, na keki yake haipaswi kuwa na asali, kwa kuwa asali haifai kwa walio chini ya miezi 12 na hakuna haja ya kuhesabu siku. Wazee wanaoadhimisha miaka mingi ya ndoa huhitaji mboga zilizoiva vizuri na ganda la pai lisilo gumu. Aliyehitimu huja na marafiki wenye njaa, na kwao naongeza mkate na maharagwe bila kuuliza. Mwenye sherehe haingii jikoni siku hiyo, lakini ndiye anayechagua kitakachokatwa, nami humtaka anijulishe wiki moja kabla, kwani unga wa pai na keki isiyopambwa vyote hugandishwa vizuri, na jioni ya kuamkia siku yenyewe hubaki kazi ya uyoga peke yake.