Hauptbahnhof ya Wapi?

Kwenye karatasi niliyoikunja ndani ya pasipoti niliandika mistari miwili tu: S8 au S9. Shuka Hauptbahnhof.

Karatasi ile ninayo mpaka leo, imechakaa kwenye mikunjo. Huwa naandika hivyo kabla ya kila safari, tena kwa kalamu, kwa sababu ndege ikitua simu mara nyingi haina mtandao na chaji imebaki kidogo, na hapo ndipo unapotakiwa kuamua haraka. Kazi yangu ni ukalimani wa mikutano. Nasafiri peke yangu, nafika jioni, na kesho yake asubuhi naingia kazini. Kila inapowezekana natoka uwanja wa ndege kwa treni au basi la abiria, na si kwa sababu ya nauli peke yake. Napenda kuingia mjini pamoja na watu wanaorudi makwao. Ukikaa nao nusu saa ndani ya behewa unaanza kusikia jinsi wanavyotamka majina ya vituo na mitaa yao, na mimi kesho nitatakiwa kuyatamka majina hayo hayo mbele ya watu.

Basi, Frankfurt. Ilikuwa Novemba na giza limeshaingia. Uwanja ule una vituo viwili vya treni, na hilo nilikuwa nalijua: kimoja ni cha masafa marefu, kilifunguliwa 1999, na kingine ni cha treni za mji na vitongoji, zile zenye namba kama S8 na S9, kiko chini ya Terminal 1. Nikashuka kwa ngazi za umeme hadi hicho cha chini, nikanunua tiketi ya Frankfurt kwenye mashine. Hakuna geti la kupitishia tiketi. Unatembea tu mpaka jukwaani, na mkaguzi anaweza kukukuta ndani ya behewa au asikukute. Nilipofika treni ilikuwa inaingia. S8, sawasawa. Nikainua macho kwenye ubao: Wiesbaden Hbf.

Hbf ni kifupi cha Hauptbahnhof. Hilo nalo nililijua. Nikaona neno nililoliandika, nikavuta sanduku ndani, milango ikajifunga.

Hauptbahnhof si jina la mahali. Maana yake ni kituo kikuu, na miji mikubwa ya Ujerumani kila mmoja una chake. Mtu akikwambia mkutane sokoni lazima uulize soko la wapi, na mimi sikuuliza. Nilikuwa na nusu ya jina, nikalichukua kama jina zima. Kwa mtu anayeishi kwa maneno, jambo hilo liliniuma kuliko muda nilioupoteza.

Kituo cha kwanza kilitangazwa: Kelsterbach. Nikatazama ramani juu ya mlango, nikakitafuta kati ya uwanja wa ndege na mjini, sikukiona. Nikaitoa karatasi. Mbele yangu alikaa mzee mmoja, mfuko wa karatasi magotini. Alininyooshea mkono, nikampa, akaisoma. Kisha akasimama, akashika nguzo kwa mkono mmoja, na kwa kidole cha mkono wa pili akagusa ile alama ya ndege kwenye ramani. Kidole kikaenda kushoto polepole, kikisimama kwenye kila nukta: Kelsterbach, Raunheim, Rüsselsheim, kikazidi kwenda mpaka Wiesbaden. Akatikisa kichwa. Akarudisha kidole kwenye alama ya ndege, safari hii akaenda kulia: Gateway Gardens, Stadion, Niederrad, halafu Frankfurt Hauptbahnhof. Nikafikiri amemaliza. Hakumaliza. Kidole kiliupita mji wote, kikaendelea mpaka ukingoni mwa ramani, na pale kwenye jina la mwisho akagonga mara mbili. Hanau.

Kelsterbach ilikuwa imeshapita. Nikashuka Raunheim.

Nimekifikiria kidole kile mara nyingi. Mimi nilikuwa natafuta mji ninaokwenda kwenye paji la uso la treni. Treni haijiiti kwa mji unaoutaka wewe, inajiita kwa mwisho wa njia yake, na mji wako unaweza kuwa katikati tu, mahali inapopita. S8 ile ile na S9 ile ile zinapita chini ya uwanja zikienda pande zote mbili. Kwa hiyo namba ya treni haikuwa inanisaidia lolote. Nilichohitaji ni lile jina la ukingoni, jina la mji ambao sikuwa na shughuli nao kabisa.

Raunheim nilinunua tiketi nyingine, kwa kuwa ile ya kwanza ilikuwa ya kwenda Frankfurt tu. Pasipo na geti, tiketi iliyo sahihi ni wajibu wako mwenyewe, na mkaguzi hapokei maelezo ya mgeni aliyepotea. Nikasubiri kwenye upepo. Ilipokuja treni iliyoandikwa Hanau nilisoma ubao mara mbili ndipo nikapanda, na baada ya muda mfupi tukaingia tena chini ya uwanja wa ndege, jukwaa lile lile, watu wengine na masanduku yao wakitazama juu kwenye ubao.

Tangu siku ile karatasi yangu imebadilika. Mstari wa kwanza ni jina la kituo cha mwisho cha upande ninaokwenda. Wa pili ni jina la kituo cha mwisho cha upande mwingine, nimelipigia mstari mwekundu. Huu wa pili ndio umeniokoa zaidi. Ukichoka unakumbuka jina kwamba umelisoma mahali, lakini hukumbuki kama ni la kupanda au la kuogopa.

Dubai ni mfano mzuri. Njia nyekundu ya metro, ile iliyoanza tarehe 9 Septemba 2009, ina vituo Terminal 1 na Terminal 3, na haina dereva wa kumuuliza. Centrepoint iko jirani tu, vituo viwili kutoka Terminal 3, upande usio wa katikati ya mji. Jina hilo linashawishi mtu aliyechoka, kwa sababu anasikia "katikati" ndani yake. Aliyekuwa na karatasi ya zamani angekuwa ameandika Rashidiya, maana ndivyo kituo hicho kilivyoitwa awali. Majina ya vituo hubadilika, kwa hiyo siku hizi naandika upya kila safari hata kama mji nimeshafika. Tena kwa wanaume: tazama sakafu na alama za juu kabla ya kuingia, kuna sehemu ya treni iliyotengwa kwa wanawake na watoto, na anayekosea hutozwa faini.

Johannesburg ni rahisi zaidi, ila nayo inataka ujue mapema. Gautrain, treni ya kasi ya huko, ilianza kubeba abiria wa uwanja wa ndege wa OR Tambo Juni 2010, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, na treni za uwanja wa ndege zinaishia Sandton. Anayekwenda Pretoria anabadili Marlboro, wa Park Station anabadili Sandton. Ukiyajua hayo matatu umemaliza.

London nina neno nayo. Watu huniuliza treni ipi ni ya haraka kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow, nami naona swali hilo halijakamilika. Heathrow Express inafika kituo cha Paddington kwa robo saa. Sasa, wewe unakwenda Paddington? Kama unalala karibu na Liverpool Street, treni ya Elizabeth line inakupeleka moja kwa moja tangu Novemba 2022, huku ukiwa umekaa, sanduku kati ya miguu, hujapanda wala kushuka ngazi hata moja ya kubadili treni. Na kama unakwenda Hammersmith au Earl's Court, njia ya Piccadilly ya pole pole, iliyofika Heathrow tangu 1977, inakufikisha mlangoni. Kasi ipimeni hadi mnapolala, jamani, si hadi kituo kimoja chenye jina kubwa. Na ukigusisha kadi getini wakati wa kuingia, gusisha kadi hiyo hiyo ukitoka. Ukiingia kwa kadi na kutoka kwa simu, mashine inaona wasafiri wawili ambao kila mmoja ameacha safari yake nusu, na wote wawili wanatozwa.

Jambo jingine ninaloliandika ni mlango wa kutokea. Vituo vikubwa vina milango mingi, na ukitokea usio wako unajikuta ng'ambo ya barabara ya njia sita na sanduku lenye gurudumu moja bovu. Na naandika saa ya treni ya mwisho. Nikiona ndege itachelewa ikapita saa hiyo, naagiza gari kutoka ndani ya jengo, kwenye meza rasmi, wala sioni nimeshindwa. Wale wanaokufuata mlangoni wakikuuliza unakwenda wapi siwajibu, hata wakiwa na upole kiasi gani. Nikitaka kuuliza njia namuuliza aliyevaa beji au mama mwenye mizigo ya sokoni, ambaye naye anaelekea kwake.

Wiki ijayo nakwenda Paris. Karatasi iko mezani, wino haujakauka vizuri. Kwenda: treni ya RER B, kutoka uwanjani treni zote zinaelekea mjini, shuka Châtelet–Les Halles. Kurudi: njia inagawanyika baada ya Aulnay-sous-Bois. Panda iliyoandikwa Aéroport Charles de Gaulle. Na chini yake, kwa wino mwekundu: Mitry–Claye.